Mizani ya Bafuni
Jirani yangu anauza mazulia kwa simu, na kila zulia hulipima kwa kulikumbatia kama mtoto na kupanda nalo kwenye mizani ya bafuni. Akishasoma, hutoa uzito wake mwenyewe, sabini na mbili, kwa kichwa tu, huku kidole kikirekebisha pini inayobana gauni lake kiunoni. Kisha humwandikia mteja gharama ya kutuma. Akifika kaunta ya vifurushi hukuta kilo zimezidi, hujazia kwa pesa yake, na hurudi akifoka: “Mizani yao mbovu, wanatuibia mchana kweupe!”

Jana nilimkuta akijiandaa kupima zulia, nikamwambia, “Jirani, hebu panda mikono mitupu.”

“Uzito wangu si naujua!” Alicheka, lakini akapanda. Mshale ukasimama sitini na saba. Akashuka, akaipangusa mizani kwa pindo la gauni, akapanda tena taratibu. Sitini na saba. Kidole kikaenda kwenye ile pini, kikatulia hapo.

“Ile sabini na mbili alinisomea marehemu mume wangu,” akasema. “Enzi hizo tulikuwa tunakula wawili.”

Akalikumbatia zulia, akasahau kulipima.