Plasta za Mama Kwizera

Huku ughaibuni, mtaani Highview, kanisa zima linamwita Mama Kwizera, ingawa Kwizera mwenyewe tulimzika kwenye kambi ya wakimbizi Kasulu akiwa na miezi minne, na mama yake hajapata mwingine. Jina lake Agata. Ana miaka hamsini na mbili, tunapakia maboksi pamoja ghalani. Mwaka jana hedhi ilipomkoma, joto lilimwandama mpaka akawa anavua sweta huku nje theluji inaanguka. Mimi, rafiki yake Florida, ndiye niliyempeleka kliniki. Akapewa plasta za homoni, za kubandika chini ya kitovu, abadilishe mara mbili kwa wiki. Daktari akataja madhara yake: matiti kuuma, kichefuchefu, tumbo kujaa, pengine damu, na damu ikitoka arudi apimwe. Nilimtafsiria yote.

Joto likaisha, hayo mengine yakaja. Mumewe, Leopoldi, hakuambiwa kitu. Mwanaume aliyengoja mtoto miaka ishirini na tano, Agata aliniuliza, unamwambiaje kwamba basi tena? Nikamjibu kwa hasira kwamba mficha uchi hazai, kisha nikatamani kuumeza ulimi wangu.

Leopoldi akamwona anakimbia harufu ya dagaa, anashika kifua akipanda ngazi. Hakuuliza. Jumapili akasimama kutoa ushuhuda kwamba Mungu wa Sara hajazeeka. Jamani, vigelegele! Agata alikuwa mbele yangu kwenye kwaya. Nikamfinya bega aseme. Hakusema, na kila Jumapili iliyofuata kusema kulizidi kuwa kugumu. Akina mama wakaleta nguo ndogo ndogo, nami nikatamani kuwatimua. Leopoldi akanunua kitanda cha mtoto, akakiunga mwenyewe, akakiweka upande anaolala mkewe. Agata akitaka kubadilisha plasta anajifungia bafuni na kufungulia maji.

Wiki ya sita baada ya ushuhuda ule damu ikatoka. Leopoldi akaiona kwenye shuka, akapiga magoti akalia kwa sauti. Nilipoitwa na kufika, Agata alinitazama, nikajua anachowaza: akinyamaza tu, yote yamekwisha. Nikatikisa kichwa kumkataza. Leopoldi akamshika mikono.

"Huyu naye tumpe jina gani, Mama Kwizera?"

"Mpe wewe," akasema Agata.

Basi. Akina mama wakaja na sufuria za maharage. Siku tatu alikaa mkekani akipokea pole za mtoto ambaye hakuwepo, nami nikampa yangu mbele za watu, bila kumtazama usoni. Nasikia aibu hadi leo.

Damu bado inakuja na kwenda. Nikimwambia turudi kwa daktari anakataa, maana siku hizi Leopoldi hamwachi aende popote peke yake, na kule kliniki akiuliza ataambiwa. Kitanda cha mtoto, Leopoldi amekataa kiondolewe. Jumapili iliyopita amesimama tena kuomba kanisa lisichoke, Mungu aliyewapa mara mbili atawapa ya tatu. Watu wote wakasema amina. Agata naye akasema.