Mgonjwa Aliyeshiba

Chumba chetu cha upasuaji kina mtaalamu mmoja tu wa usingizi, na wagonjwa wamembatiza Mama Lala. Kazi yake ni kumlaza mtu apasuliwe bila kusikia, kisha amwamshe. Kuamsha ndiko kunakomzeesha. Miguu imemvimba, chai yake hupoa mezani, na huyu akitoka, yule anaingia.

Siku hiyo aliyeingia alikuwa mama yake mzazi, wa kutolewa uvimbe tumboni.

Mama Lala hamuulizi mgonjwa kama amekula. Tunawakataza tangu jana yake, lakini ndugu gani atamwacha mgonjwa wake alale njaa? Na wote huapa hawajaonja kitu. Kwa hiyo yeye huuliza kwa kuzunguka.

"Mama, nani alikuja kukuona asubuhi?"

"Mdogo wako."

"Kaja na nini?"

"Mikono mitupu, mwanangu."

Mama Lala akanitazama mimi, muuguzi wa vyombo. Mdogo wake huyo hajawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Akamwinamia mama yake, akanusa, akavua glavu.

"Leo hapasuliwi. Ana chai tumboni."

Aliyeshiba akilazwa, chakula hupanda kikaingia mapafuni, na huenda asiamke tena. Daktari wa upasuaji akanuna. Nami nilinuna, maana vyombo vyote nilishavipanga. Nafasi nyingine ilikuwa wiki ijayo.

Tukamrudisha wodini, Mama Lala akisukuma kitanda mwenyewe.

"Mama, ungenifia mikononi. Kwa nini umekula?"

Bibi akajivutia shuka. "Nilisema kama siamki, bora niende nimeshiba."

"Nani kakwambia huamki?"

"Hakuna. Ila mwenzangu wa kitanda cha pili anasema wewe huwaambia wote, 'Nitakaa kichwani kwako mpaka uamke.' Mimi umeniambia nivue bangili tu."

Mama Lala akasimama katikati ya korido. Maneno hayo huyasema kutwa, mimi nimeshaacha hata kuyasikia. Kwa mama yake alikuwa amechoka, akadhani hayahitajiki. Nilimwonea huruma hata nikashindwa kumtazama.

Wiki iliyofuata bibi alikuja na njaa ya kweli. Mama Lala akavuta kiti, akakaa kichwani kwake, akayasema yote polepole.

"Haya," bibi akasema. "Lakini nina njaa."

"Utakula ukiamka, mama."

Bibi akafumba macho mwenyewe, kabla hata ya dawa.