Kipande Kimoja cha Turbo

Fundi wa Makutano alitandaza gunia chini, akaanza kupanga vipande vya turbo ya pikapu kama mtu anayeunganisha kikombe kilichovunjika. Lile gurudumu dogo la alumini linalosukuma hewa lilikuwa limekatika mapezi. Alipomaliza, palibaki pengo moja, dogo kama punje ya ndengu.

"Kipande kingine kiko wapi?" fundi akauliza.

Mjomba wangu, mwenye gari, akanigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha.

"Labda kilianguka barabarani," nikasema.

"Kilianguka aje, na bomba limefungwa?" fundi akauliza.

Pikapu yenyewe ni ya zamani. Hewa ikitoka kwenye turbo inaingia injini moja kwa moja. Kama kipande kilipita huko, kingeweza kulima kuta za silinda, na injini ingekuwa imekwisha. Mjomba hakuwa na gari lingine, na viazi vyake vilikuwa vimeshachimbwa, vimelala shambani chini ya matawi.

Fundi alifunga sumaku ya spika mbovu kwa waya, akaizamisha kwenye oili aliyomwaga. Ikatoka safi. Nikacheka kwa furaha.

"Wacha kucheka. Sumaku haishiki alumini. Hiyo inaniambia tu chuma hakijasagika."

Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo nimejifunza kila kitu kwa kuuliza. Siku hiyo kila jibu lilinipoteza zaidi. Fundi akapima kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, silinda zote nne zikasoma karibu sawa.

"Basi ni nzima," mjomba akasema. "Weka turbo mpya twende."

"Niweke, kipande kikiwa ndani, kesho uniite mwizi? Dereva, hebu sema. Ulisikia nini?"

Nilisikia filimbi. Wiki nzima turbo ilikuwa ikipiga filimbi, kila siku kali kuliko jana. Kule Kiritiri, vijana waliopakia magunia walinisifu: "Hiyo gari iko na pumzi, buda!" Nikawa nakanyaga mafuta zaidi ili wasikie vizuri. Sikujua kwamba ilikuwa inalia kwa sababu inakufa. Kisha, nikipanda kilima baada ya mji wa Embu, nguvu zikaisha na moshi wa buluu ukajaa nyuma yangu.

"Hapo kilimani," fundi akasema, "kuna kitu kiligonga? Kama kijiko ndani ya sufuria?"

Nikafumba macho. Kadiri nilivyojaribu kukumbuka, ndivyo nilivyosikia kijiko. Lakini sikujua kama nilikisikia kilimani, au ni yeye alikuwa amenitilia sasa hivi kichwani.

"Ulisikia ama hukusikia?" mjomba akaniuliza.

"Sijui, mjomba."

"Wewe unauliza watu maswali kama polisi. Ukiulizwa moja, hujui!"

Fundi akacheka, lakini mjomba hakucheka. Alitembea mpaka barabarani, akatazama malori yakipita, akarudi akiwa amevua koti.

"Fungua injini."

Saa nane silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa juu ya gunia. Juu ya pistoni ya tatu kulikuwa na kipande cha alumini, kimepondwa kikawa bapa. Fundi aliteremsha pistoni ile, akapitisha ukucha polepole kuzunguka ukuta wa silinda. Mjomba naye akainama, akapitisha wake, ule mnene uliojaa udongo wa viazi.

"Haukwami," akasema.

"Haukwami," fundi akakubali. "Ukuta haujaguswa. Mzee, umeponea."

Nikaomba na mimi nijaribu. Ukuta ulikuwa laini. Nikazungusha tena, nikahisi kama kitu, nikarudia, sikuhisi. Nikaanza mara ya nne.

Mjomba alinishika mkono, akautoa taratibu.

"Imetosha. Nenda ulete gasketi tufunge injini."