Mama Manka Alipopatana Bei na Askari

Asubuhi ile saa tatu ilikuwa haijafika, na shangazi yangu, Mama Manka, alikwisha kugombana na makuli wawili na jirani wa duka. Ndiyo Kariakoo yake. Tulikuwa tunafunga vitenge vya kwenda kuuza Kongo. Mimi nilikuwa nimetoka seminari mwaka ule, najiona mtu wa Mungu, nikamwonya kwamba mdomo utamponza.

"Utakatifu wako weka mfukoni bwana," akasema. "Shika kamba."

Siku ya nne tukiwa huko Kongo, vita viliingia mjini. Tulikimbilia kigangoni kwa katekista Agapiti, mtu asiyezidisha maneno matatu. Alituchotea maji, akatupikia uji, akatuachia mkeka wake. Nikajisemea: mtakatifu ndiye huyu, siyo shangazi.

Kesho yake askari walikuja kutafuta mwanamume wa kubeba sanduku la risasi hadi mlimani. Wabebaji walikuwa hawarudi.

Mmoja akanishika shati.

"Huyu?" Mama Manka akadakia. "Ana pumu huyu! Atakuangushia mzigo bondeni. Mwache, chukua vitenge viwili vya mama watoto."

Sijawahi kuugua pumu.

"Hapana," askari akasema.

"Basi, mwisho wangu huo." Akanivuta mkono, akageuka kuondoka, kama mteja anavyoliacha duka bei ikimshinda.

Nilingoja risasi ya mgongo.

"Mama, kuya!" askari akaita, kama muuzaji anayemrudisha mteja. "Ongeza kimoja."

Wenzake wakaangua kicheko. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka.

Lakini sanduku lilikuwa bado pale chini. Agapiti akalitwika kichwani.

"Naenda mimi," akasema.

Shangazi alimwaga vitenge vyote miguuni mwa wale askari ili wamwache Agapiti, akageuka kuondoka. Safari hii hakuna aliyemwita arudi.

Nilifunzwa kwamba watakatifu huongea kwa upole. Mmoja wa wangu alidanganya kwa kelele ili nibaki hai, na mwingine akasema maneno mawili tu akaenda badala yangu. Siwezi kumpanga yeyote nyuma ya mwenzake.

Mwaka jana, kuelekea sikukuu ya Watakatifu Wote, tulikwenda ofisi ya parokia kumwombea Agapiti misa. Karani akauliza kama aandike ya marehemu au ya shukrani. Hatujapata habari zake wala kaburi lake. Mama Manka, anayembishia hadi padri, akanigeukia mimi.

"Andika zote mbili," nikasema, na shangazi akaanza kulia.