Paa Aliyekula Kunde Zangu

Wajukuu nawakemea kila siku: tazameni kwanza, ndipo mtende. Sasa nisikieni mimi.

Juzi asubuhi ukungu mzito ulifunika Mkange. Shambani nikaona paa anakula kunde zangu. Nikasema, leo kitoweo kimejileta. Nikamnyatia peke yangu, nikamtupia rungu, akaanguka. Asije akafa kibudu, nikamwelekeza kibla upesi, nikasoma Bismillahi, nikachinja.

Ukungu ukapungua. Mguuni mwake nikaona kamba.

“Shikamoo, bibi!” Alikuwa Salumu, jirani yangu, mkewe kajifungua juma lililopita. “Hujamwona mbuzi wetu? Kakata kamba, na kesho ndiyo akika ya mtoto.”

Nikaitika marahaba. Kisu kilikuwa bado mkononi, kinachuruzika damu.