Kuitafsiri "Perhaps" Kibanjani

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Muleba, Ofisa Kilimo wa Wilaya aliniuliza jambo moja tu. "Binti, Kiingereza unakisikia au unakisoma tu?"

"Vyote, mzee."

Nikapelekwa Kimwani kuwa bwana shamba. Mwanamke mzima, na wakaniita hivyo hivyo, bwana shamba! Kazi yangu nyingine ilikuwa kuwatafsiria wataalamu wa kigeni.

Mnyauko wa migomba ulikuwa umeingia. Shina lenye ugonjwa ukilikata linatoa usaha wa njano. Tulifundisha watu kuondoa ua dume, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, kwa kijiti chenye panda, maana panga hubeba ugonjwa. Ila mimi kilichonishangaza ni jinsi wageni wale walivyopima uhakika kwa neno moja. Certainly, hakika. Probably, yaelekea sana, nalo hukaa baada ya will. Perhaps, huenda, nalo hupenda kutangulia sentensi. Nilitega sikio kila walipofungua mdomo.

Siku moja mimi na mtaalamu mmoja wa kigeni tukaingia kibanjani, yaani shamba la migomba la nyumbani, kwa Ma Koku, mjane. Migomba ile ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu, na mumewe alizikwa humo humo. Mtaalamu akakagua. Migomba ya barabarani inaumwa, certainly. Ya katikati, probably. Ya kaburini, perhaps.

Msimamizi wangu wa kata akaninong'oneza, "Mwambie ang'oe yote. Ukimpa hiyo 'huenda', hang'oi hata mmoja."

Mawe, jamani! Kibanja cha mtu hicho! Nikamweleza Ma Koku maneno yote matatu, kila moja kwa uzito wake.

Akaniuliza kwa Kihaya, "Mwanangu, huyu anajua au anadhani?"

"Ya barabarani anajua, Mae, mama yangu. Ya kaburini anadhani."

Akashika jembe. Aling'oa ya barabarani, akang'oa na ya katikati huku analia. Ya kaburini akaiacha, akawa anaikagua kila asubuhi.

Sasa nimestaafu, nipo Bukoba mjini. Wajukuu wangu wanaosoma Kiingereza huniuliza kuna haja gani ya maneno mengi hivyo ya kutokuwa na hakika. Huwa nawasimulia siku mtaalamu aliporudi Kimwani, akaikuta migomba ya kaburini bado ya kijani. "They will probably survive," akasema. Nikatafsiri.

Ma Koku akanishika mkono. "Mwambie asante. Wengine wote hunijia na amri. Yeye aliniachia niamue."