Shangazi Geuza Aahidi Kufunga Mdomo

Hospitali ilikuwa na madaktari wengi, lakini shuka zake zilikuwa na daktari mmoja tu. Alikaa chumba cha mwisho kwenye korido, jirani na mashine za kufulia, pamoja na cherehani ya kukanyaga, mkasi mkubwa na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Shuka ikichakaa katikati, pale wagonjwa wanapogeukageuka, wengine wangeifanya dekio. Yeye aliipasua kwa urefu, akazileta kingo za pembeni katikati, akaziunga, na shuka ikarudi wodini kulaliwa miaka mingine mitatu. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na mbili, ikamharibu kabisa. Hakuweza tena kuona nguo bila kuigeuza ndani nje.

Ndiyo maana ukoo mzima ulimwita Shangazi Geuza. Aliwahi kugeuza pindo la gauni la bi harusi, bi harusi mwenyewe akiwa ndani, akamshauri atembee polepole. Yeye alinunua nguo moja kila baada ya miaka miwili, wala hakuongeza. Siku ya kununua, wenye maduka wakimwona kwa mbali walikumbuka ghafla kwamba wana safari.

Mwaka huu zamu ya gauni ilifika vibaya. Mtoto wa kaka yake, binti aliyemlea tangu darasa la kwanza, alikuwa amepata kazi kwenye duka la nguo mtaa wa pili. Alikuwa kwenye majaribio ya mwezi mmoja, zimebaki siku nne. Kabla ya hapo aliandika barua za maombi mpaka vidole vikaota sugu. Aliposikia shangazi yake anataka gauni, kijiko kilimdondoka.

"Shangazi, nakuomba, nenda duka lingine."

"Nikanunue kwa watu baki na damu yangu iko hapa inauza?"

"Basi niahidi hutafungua mdomo. Bosi alishamfukuza mwenzangu kwa kumwambia mteja gauni linamchora tumbo."

Shangazi akaahidi. Akapitisha kidole kwenye midomo kama anafunga zipu, na zipu zake huwa hazifunguki ovyo.

Jumamosi asubuhi akaingia dukani. Taa zilikuwa kali, muziki ulipigwa kama wateja wote ni viziwi, na magauni yalibanana kwenye mabomba ya chuma yakikosa pa kupumulia. Bosi, ambaye vifungo vya koti lake vilikuwa vinashikilia kazi kwa imani tu, alikuwa akitangaza kwamba ukichukua mawili, la tatu nusu bei. Binti alijifanya hamjui shangazi. Shangazi naye alijifanya hamjui binti, isipokuwa alimkonyeza, jambo ambalo watu wasiojuana hawalifanyi.

Mambo yangeisha salama kama si msichana mmoja mwenye kucha ndefu, aliyekumbatia magauni matatu ya zambarau. Alimgeukia shangazi, akamwuliza lipi litamtoa vizuri.

Shangazi akameza mate. Maneno yalipanga foleni kooni, yakasukumana. Lakini ahadi ni ahadi. Tatizo ni kwamba aliyeahidi alikuwa mdomo. Mikono haikushirikishwa.

Mikono ikachukua gauni, ikaligeuza, ikashika mshono wa kwapa huku na huku, ikavuta. Wala haikuvuta kwa nguvu, ilivuta kama mtu anayenyoosha mkono kuchukua sahani kabatini. Mshono ukacheka, meno yote nje. Uzi ukaanza kuchomoka wenyewe, ukitafuta njia ya kwenda kwao. Kisha mikono ikainua gauni kwenye taa, na kupitia kitambaa kile bosi akaonekana vizuri kabisa, yeye na vifungo vyake.

Msichana akatazama. Akageuza la pili mwenyewe, akageuza la tatu. Mama mmoja nyuma yake akageuza sketi. Haikupita dakika kumi, duka zima lilikuwa ndani nje.

Bosi akaacha kutangaza. Akamfuata binti, akamwuliza kwa sauti ya chini, na bosi yule akishusha sauti ujue mvua inakuja. "Huyu mama unamfahamu?"

Neno moja lingetosha: hapana. Shangazi alificha mikono mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari, akaomba binti aseme hapana.

"Ni shangazi yangu," binti akasema. "Ndiye aliyenilea. Na hizo nguo, bosi, wateja wanazirudisha tangu wiki yangu ya kwanza. Nimekuwa nazishona upya stoo wakati wenzangu wanakula. Ndiyo maana hujasikia kelele."

Shangazi akamwuliza binti kama sasa anaruhusiwa kuongea. Binti akamjibu kwa uchovu, kwani amebakiza nini.

"Bosi, mwanangu, sikulaumu peke yako," shangazi akasema. "Wewe unaleta kile tunachobeba. Tukibeba bila kutazama ndani, utaleta hivi hivi mpaka tuzikwe kwenye matambara."

Halafu akaenda nyuma ya kioo cha kujipimia, zilikoning'inia nguo ambazo bosi alizipokea kwa fundi jirani ili tu fundi huyo aache kumbembeleza. Zilikuwa na rangi ya tope, hakuna aliyewahi kuzigusa. Akageuza moja. Mishono ilipigwa mara mbili, mifuko ilikuwa ya kweli, na pembeni fundi alikuwa ameacha inchi nzima ya kitambaa. Akamwonyesha msichana wa kucha: ukinenepa unaachia, ukikonda unabana, ukichoka nalo unampa mdogo wako. Kisha shangazi akachukua gauni lake, akalipa bila kuomba apunguziwe, bosi akabaki ameishika risiti kama haamini. Mpaka saa sita nyuma ya kioo pakawa peupe. Wengine, kusema kweli, walitoka mikono mitupu, na bosi aliwaona wote.

Jioni shangazi alikaa mlangoni na gauni lake mapajani, akitunga msamaha. Binti akafika, akavua viatu taratibu, uso hausomeki.

"Kesho kutwa mzigo mpya unaingia," akasema. "Bosi anataka nisimame mlangoni niugeuze kabla haujapokelewa. Ulioshonwa hovyo unarudi ulikotoka."

"Kwa hiyo hukufukuzwa?"

"Nimeajiriwa. Aliyefukuzwa ni wewe. Usikanyage pale miaka miwili."

Shangazi akafikiri, akahesabu kwa vidole, uso ukachanua.

"Haina shida," akasema. "Kwani gauni lingine nanunua lini?" Na mkono, bila kuomba ruhusa, ukashika pindo la sketi ya binti, ukaligeuza.